Historia fupi ya kusubiri: kwa nini zana za kutengenezea programu hutambaa kama kinyonga

Wasomaji wangu, leo naomba tuiweke siasa kando kidogo. Nataka tuzungumzie jambo ambalo halipigiwi kura wala halijadiliwi bungeni, lakini linawanyima usingizi vijana wengi: kompyuta inayoganda pale tu unapotaka kufanya nayo kazi ya maana. Simaanishi kompyuta ya kutazamia filamu au kuandikia barua. Namaanisha kompyuta ya kijana anayejifunza kutengeneza programu. Anaifungua ile programu ya kuandikia programu, anangoja. Anabonyeza herufi, herufi inatokea kwa kuchelewa kama mgeni aliyeitwa kwa mara ya tatu. Anabonyeza kitufe cha kujaribu kazi yake, feni inaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Akiuliza wanaojua, jibu ni moja tu: nunua kompyuta mpya.

Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi wa kompyuta. Lakini katika kazi yetu hii kuna kanuni moja: swali likiwa na jibu moja tu, na jibu lenyewe likawa ni la kutoa hela, basi kaulize historia. Nimekwenda kuiuliza. Nilichokikuta ni kwamba kusubiri kompyuta ni jambo la zamani kuliko hizi kompyuta za mezani na za mapajani. Na nimekuta kwamba mara nyingi ahueni ilipopatikana, haikuletwa na mashine kubwa peke yake. Ililetwa na mtu aliyekaa chini akauliza: hivi huu muda unapotelea wapi hasa?

Haya, tuanzie mbali.

Miaka ya 1950 kompyuta ilikuwa na ukubwa wa chumba na bei ya kiwanda. Programu ziliandikwa kwa tarakimu na vifupisho ambavyo mashine inavielewa lakini mwanadamu anaumia kuvisoma. Mwaka 1952 mama mmoja wa Kimarekani, Grace Hopper, alitengeneza A-0, mojawapo ya programu za mwanzo kabisa za kazi ya kuunganisha na kutafsiri programu nyingine. Programu za aina hiyo ndizo tunaziita kompaila: unaandika kwa lugha iliyo karibu na ya watu, yenyewe inakugeuzia kuwa lugha ya mashine. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ikatoa kompaila ya FORTRAN kwa ajili ya mashine yake ya IBM 704, kazi iliyoongozwa na John Backus. Sasa sikilizeni jambo hili. Hofu kubwa ya wakati ule ilikuwa ni kwamba programu iliyotafsiriwa na mashine itakwenda polepole kuliko iliyoandikwa kwa mkono na fundi. Kwa hiyo Backus na wenzake waliifanyisha kompaila yao kazi ngumu sana ili itoe matokeo yenye kasi. Wasiwasi wa kasi, kwa maneno mengine, ulizaliwa siku moja na kompaila yenyewe.

Mtengeneza programu wa siku hizo alisubiri vipi? Aliandika mistari yake, ikatobolewa kwenye kadi ngumu, kila kadi na mstari wake. Akafunga bunda la kadi, akalipeleka dirishani kwa waendesha mashine. Bunda lake likaingia foleni. Majibu aliyapata baada ya masaa, pengine kesho yake. Na ikiwa alisahau alama moja ya mkato, majibu yenyewe yalikuwa ni karatasi inayomwambia kwamba amekosea. Arudi akatoboe kadi nyingine, apange foleni tena. Siku nzima imekwenda kwa sababu ya alama ya mkato!

Walioona kwamba huo ni upotevu wa akili za watu walikuwepo. John McCarthy alilitoa wazo la kompyuta moja kuhudumia watu wengi kwa zamu fupi fupi, kila mmoja akahisi kwamba anayo peke yake. Novemba 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakaonyesha mfumo wa namna hiyo ukifanya kazi, uliojulikana kama CTSS. Mtu anakaa mbele ya mashine ya chapa, anaandika, anajibiwa hapo hapo. Foleni ya dirishani ikaanza kufa.

Lakini penye watu wengi pana msongamano, na hapa ndipo linapoingia tatizo ambalo mpaka leo linaua kompyuta nyingi za vijana wetu. Naomba tulielewe vizuri kwa mfano wa fundi cherehani.

Fundi cherehani ana meza na ana stoo. Mezani anaweka nguo anazozishona sasa hivi, na stooni anaweka majora na viporo. Meza ni ndogo lakini mkono unafika mara moja. Stoo ni kubwa lakini mpaka ainuke, afungue mlango, atafute, arudi. Kwenye kompyuta meza ndiyo kumbukumbu ya kazi, ile wauzaji wanayoiita RAM. Stoo ndiyo diski. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta iliyoitwa Atlas, kazi ya Tom Kilburn na wenzake. Atlas ilikuwa na ujanja mpya: iliidanganya programu kwamba meza ni kubwa kuliko ilivyo. Meza ikijaa, mashine yenyewe inachukua kipande kisichotumika inakipeleka stooni, na kikihitajika inakirudisha, bila programu kujua. Ujanja huo umo katika karibu kila kompyuta ya mezani unayoiona leo.

Ujanja mzuri, lakini una mpaka. Fundi akipokea nguo ishirini za harusi na meza ya nguo tatu, atashinda njiani kati ya meza na stoo. Anatoka jasho, anaonekana yuko kazini, ila cherehani hailii. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning aliandika kwa kina juu ya hali hii: mfumo unaotumia karibu muda wake wote kuhamisha vipande, kazi yenyewe ikakaribia kusimama. Akaeleza pia dawa yake. Kila programu, alisema, kwa wakati wowote ina fungu la vipande inavyovihitaji kweli kweli. Fungu hilo likienea mezani, mambo yanakwenda. Lisipoenea, hata kidogo tu, kasi haipungui kidogo kidogo. Inaporomoka.

Neno hilo la kuporomoka lishikeni, maana ndilo linaloeleza kwa nini kompyuta yako jana ilikuwa inakwenda vizuri, leo umefungua kurasa mbili tatu zaidi kwenye kivinjari na kila kitu kimestaki. Hujaongeza mzigo mara mbili. Umevuka mpaka wa meza tu.

Wakati huo huo watu walianza kuipima gharama ya kusubiri kwa upande wa binadamu. Mwaka 1968 Robert Miller wa IBM alichambua ni kwa muda gani mtu anaweza kungoja jibu kabla mawazo yake hayajakatika. Mwaka 1982 Walter Doherty na Arvind Thadani, nao wa IBM, wakatoa hoja iliyowashangaza wengi: jibu la kompyuta likishuka chini ya sekunde moja, mtu naye anafikiri haraka zaidi kati ya hatua moja na nyingine. Kumbe ule mwendo wa mashine unamwambukiza mtumiaji! Ukisubiri sekunde tano, hupotezi tano tu. Unapoteza na zile ambazo akili inazitumia kukumbuka ulikuwa unataka kufanya nini.

Fikiria basi mwanafunzi anayejifunza peke yake, hana mwalimu, anakisia, anajaribu, anakosea, anajaribu tena. Mafunzo yake yote yamo ndani ya hilo jaribio. Aliye na mashine inayojibu kwa sekunde mbili anajaribu mara mia kwa jioni moja. Mwenye kungoja dakika tatu anajaribu mara kumi, kisha analala. Mwisho wa mwaka tunasema yule wa kwanza ana kipaji.

Turudi kwenye historia. Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi, yenye prosesa ya Intel 8088 ya megahezi 4.77, na toleo la chini kabisa likiwa na kilobaiti 16 tu za kumbukumbu. Kutengeneza programu juu ya mashine kama hizo ilikuwa ni kazi ya kubadilisha disketi. Unaingiza disketi yenye edita, unaandika, unahifadhi, unatoka. Unaingiza ya kompaila, inasoma kazi yako mara ya kwanza, inaandika matokeo ya kati kwenye disketi, inasoma tena. Kisha programu nyingine ya kuunganisha vipande. Ukikosea, unaanza upya. Na kompaila zenyewe ziliuzwa kwa mamia ya dola.

Novemba 1983 kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Borland, chini ya Mfaransa Philippe Kahn, ikaanza kuuza kwa njia ya posta kitu kilichoitwa Turbo Pascal. Bei: dola 49.95. Aliyekiandika ni kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg. Faili lake halikuzidi kilobaiti 40, na ndani yake mlikuwa na edita na kompaila kwa pamoja. Siri yake haikuwa mashine mpya, maana watu waliitumia kwenye mashine zile zile. Siri ilikuwa kwamba kila kitu kilikaa mezani: edita, kompaila, na kazi unayoiandika. Hakuna safari za stoo. Kompaila ilipita mara moja tu juu ya kazi yako, na ikikuta kosa inakurudisha kwenye edita, mahali penyewe palipo na kosa. Dakika zikageuka sekunde. Ilikuwa na mipaka yake pia, kwa mfano programu uliyoitengeneza haikuweza kuzidi kilobaiti 64, lakini kwa mwanafunzi huo ulikuwa uwanja mpana.

Na sisi huku tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya serikali kuchoshwa na matatizo ya kuiweka hesabu yake kwenye kompyuta, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, na marufuku hiyo ililegezwa taratibu tu katika miaka iliyofuata. Simlaumu mtu, kila uamuzi una siku zake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba miaka ile wenzetu walipofurahia zana nyepesi kwenye mashine ndogo, wengi wetu hatukuwa na mashine. Kompyuta zilipomiminika huku kwetu, nyingi zikiwa ni mitumba ya Ulaya na Marekani, zana zilikuwa tayari zimekwisha kunenepa. Tumepokea mashine za jana na programu za kesho. Hapo ndipo penye mgogoro.

Zilinenepa vipi? Kuna mzaha wa zamani juu ya Emacs, edita maarufu ambayo toleo lake la GNU liliandikwa na Richard Stallman na kutoka mwaka 1985. Watani waliligeuza jina lake kuwa kifupisho chenye maana kwamba inakula megabaiti nane na haiachi kwenda na kurudi stoo. Megabaiti nane! Leo picha moja ya simu inaweza kufika hapo. Lakini wakati ule watu walinung'unika kwa haki, maana mashine yenye megabaiti nane ilikuwa ni ya mwenye nacho.

Mwaka 1995 Mswisi Niklaus Wirth, ambaye lugha ya Pascal ya mwaka 1970 ni kazi ya mikono yake, aliandika makala ya kuomba programu zipunguzwe mwili. Alitoa hoja kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa mwendo unaoishinda kasi ya mashine mpya, kauli ambayo yeye mwenyewe alisema ameipata kwa mwenzake Martin Reiser. Hakuishia kulalamika. Pamoja na Jürg Gutknecht alikuwa ameshatengeneza mfumo mzima uitwao Oberon, wenye edita na kompaila yake, mdogo kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuusoma na kuuelewa wote. Wirth alifariki tarehe 1 Januari 2024, na makala yake bado inasomwa kama imeandikwa juzi.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Unene mwingine una sababu. Mwaka 2001 zilitoka karakana mbili kubwa za lugha ya Java: IntelliJ IDEA ya JetBrains na Eclipse iliyotokana na IBM. Naziita karakana kwa sababu ndani yake kuna edita, kompaila, zana za kutafutia kasoro na mengine mengi. Hizi hazikuwa daftari la kuandikia. Zilikuwa zinasoma kazi yako yote, zinajenga faharasa ya kila jina, ili ukiandika nusu ya neno zikumalizie, na ukibadilisha jina mahali pamoja libadilike kote. Kazi hiyo ni ya kweli na inataka meza kubwa. Na zenyewe zimeandikwa kwa Java, lugha ambayo mashine huifagilia takataka za kumbukumbu kwa zamu, mtindo uliobuniwa na yule yule McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa angalieni balaa linavyojijenga: karakana ikiwa imebakiwa na nafasi ndogo, ufagiaji unakuwa wa kila mara. Na kama sehemu ya kumbukumbu yake imeshapelekwa stooni, mfagiaji inambidi aifuate huko huko ili aikague. Balaa mbili zinakutana, skrini inaganda.

Mfano ulio karibu nasi ni Android Studio, karakana ya kutengenezea programu za simu, iliyojengwa na Google juu ya IntelliJ. Toleo lake la kwanza kamili la Desemba 2014 liliridhika na kompyuta ya gigabaiti 2 za RAM kama kiwango cha chini. Leo kiwango cha chini ni gigabaiti 8, na ukitaka pia simu ya kuigiza ndani ya kompyuta unaambiwa 16. Simu za Android ndizo simu za watu wetu, kuanzia Kariakoo hadi Kisumu. Lakini mlango wa kuzitengenezea programu umepanda ngazi tatu katika miaka kumi.

Basi tufike kwenye uchunguzi, maana historia bila manufaa ni hadithi za kando ya moto. Mwaka 1971 Donald Knuth, mwanazuoni mkubwa wa fani hii, alichapisha uchunguzi wa programu halisi za FORTRAN. Aligundua kwamba kwa kawaida sehemu isiyofika asilimia 4 ya programu hutumia zaidi ya nusu ya muda wote. Somo lake ni kubwa: uzito haujasambaa kila mahali, una kiota chake. Na kiota hakipatikani kwa kukisia, kinapatikana kwa kupima. Ndiyo maana mwaka 1982 Susan Graham na wenzake wa Berkeley wakatoa zana iitwayo gprof, inayoonyesha ni sehemu gani ya programu iliyokula muda.

Kwa mtu wa kawaida, kipimo kimo tayari ndani ya kompyuta. Kwenye Windows ni Task Manager, na kwenye Linux kuna amri iitwayo top. Ifungue wakati mashine imestaki, si baadaye, na uangalie mambo matatu: prosesa, kumbukumbu, na diski.

Ukikuta kumbukumbu imejaa na diski inahangaika bila kupumzika, huo ni ugonjwa wa Denning. Prosesa mpya haitakusaidia kitu. Funga kivinjari chenye kurasa thelathini. Ondoa nyongeza ulizozipachika kwenye karakana na huzitumii. Tumia simu halisi kwa waya badala ya simu ya kuigiza. Kama una hela kidogo, ongeza RAM kwanza.

Ukikuta kumbukumbu ina nafasi lakini diski ndiyo inayolia, tazama ni diski ya aina gani. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta, na kwa faili ndogo zilizotawanyika hufikia kama mia moja au mia mbili kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo hufikia makumi ya maelfu. Kazi ya kompaila ni kufungua maelfu ya faili ndogo. Kwa kompyuta ya mtumba hii ndiyo tofauti inayoonekana kwa macho, na SSD ndogo haigharimu kama kompyuta.

Ukikuta prosesa imepanda, soma jina la programu iliyoipandisha. Pengine si karakana kabisa, ni antivairasi inayokagua kila faili ambayo kompaila inaifungua na kuifunga. Microsoft wenyewe mwaka 2023 walileta kwenye Windows 11 kitu kinachoitwa Dev Drive, eneo maalumu la diski kwa watengeneza programu, ambako antivairasi yao huruhusu faili ifunguliwe kwanza na ukaguzi ufuate. Mwenye Windows ya zamani anaweza kulitoa folda la kazi yake kwenye ukaguzi, lakini liwe ni folda la kazi yake tu, si diski nzima, na asitie humo vitu vya kuokota mtandaoni. Kama aliyepanda ni karakana yenyewe inajenga faharasa, iache imalize mara moja, kisha iambie isisome mafolda ya maktaba za watu wengine ambazo huzihariri.

Na ukikuta kila kitu kimetulia lakini mashine bado inatambaa? Gusa chini yake. Prosesa za kisasa hujipunguzia mwendo zikipata joto kali ili zisiungue, jambo lililoanza kujulikana sana tangu enzi za Pentium 4 iliyotoka mwaka 2000. Kwa vumbi letu na joto la pwani, feni iliyoziba ni mshukiwa wa kwanza. Brashi na fundi mwaminifu vinatosha.

Msidhani haya ni matatizo ya maskini peke yake. Mwaka 2017 Bruce Dawson, mhandisi wa Google, alieleza hadharani jinsi kompyuta yake yenye koa 24 za prosesa ilivyokuwa inashindwa hata kusogeza kishale cha mausi wakati anajenga kivinjari cha Chrome. Mashine ya ndoto za watu, na bado inaganda! Alipopima, alikuta prosesa haina hata kazi nyingi. Tatizo lilikuwa ndani ya Windows 10: kila programu ndogo inapomaliza kazi na kufungwa, ilipita kwenye kufuli moja la pamoja, na ujenzi wa Chrome hufungua na kufunga maelfu yake. Wote wakawa foleni kwenye mlango mmoja. Angelinunua koa 48, foleni ingelikuwa pale pale.

Namalizia na mtu tuliyekwisha kumtaja. Yule Anders Hejlsberg wa Turbo Pascal alihamia Microsoft mwaka 1996. Mwaka 2012 kampuni hiyo ikatoa lugha ya TypeScript, naye akiwa kinara wake. Kompaila ya TypeScript iliandikwa kwa TypeScript yenyewe, na kazi zilivyokua ikawa inaelemewa. Machi 2025 Hejlsberg akatangaza kwamba wanaihamishia kwenye lugha ya Go. Kwenye kazi ya mfano, yaani programu ya VS Code yenye mistari kama milioni moja na nusu, muda ulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Mashine ile ile, kazi ile ile. Miaka zaidi ya arobaini baada ya kuonyesha jambo hili kwa mara ya kwanza, amelionyesha tena.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba wepesi hauwezekani siku hizi, mkatalie. Unawezekana, ila unahitaji mtu anayeona kwamba muda wako una thamani. Wanaotengeneza zana hizi wanakaa mbele ya mashine bora kuliko za wateja wao, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Lawama hiyo ni yao. Lakini wewe kijana uliyekaa na kompyuta yako ya mtumba, kabla hujasema huna kipaji, na kabla hujakopa ili ununue mpya, fungua kipimo uangalie muda wako unapotelea wapi. Ukishapajua, gharama inaweza kuwa ni SSD moja, brashi ya vumbi, au nyongeza tano za kuondoa. Na vijana wetu watakaokuja kutengeneza karakana za kesho, naomba wazijaribu kwanza kwenye mashine ya gigabaiti nne iliyonunuliwa Kariakoo. Ikienda hapo, itakwenda popote.

Tuko pamoja. Nawatakia kazi njema.